Kioo Kilipata Haki Yake Kabla Yangu

"Lete huyo mtoto hapa."

Mama mkwe alikuwa ameninyooshea mikono. Mimi nimekaa sakafuni, nimempakata mwanangu, damu ya unyayo wake inaingia kwenye gauni langu, na kila upande chembe za kioo zimetapakaa kama mtu kamwaga chumvi ya mawe.

"Mama, subiri kwanza nimtoe kioo mguuni..."

"Nimesema lete. Mwanamke anayevunja vitu kwa hasira mbele ya mtoto hafai kushika mtoto."

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa amerudi mlangoni, simu bado iko mkononi.

"Baba Kidoti, mwambie mama. Mwambie sijakigusa."

Akaangalia chini.

"Mama Kidoti," akasema taratibu, "si bora tu ungekubali?"

Jamani... mtoto akachukuliwa mikononi mwangu huku analia, na mimi nikabaki nimekaa palepale.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, msije mkasema nimewarukisha.

Mume wangu anaunda kompyuta. Siyo zile za kununua zikiwa tayari. Mteja anachagua kila kitu, feni, kadi, taa, yeye anaunganisha huku anajirekodi, halafu anaweka kwenye ukurasa wake. Huko wanamwita Mzee wa Taa. Najua baadhi yenu mnamfuata. Msikimbilie kwenda kumtukana, someni kwanza.

Safari hii alikuwa anajiundia ya kwake. Vitu vyote alishavipata, likabaki kasha tu, lile sanduku la kuwekea kila kitu ndani.

Yalikuwa mawili. La kwanza limezibwa kwa wavu wa chuma mbele na ubavuni, linapumua vizuri, sura halina. La pili ni la maonyesho: kioo mbele, kioo ubavuni, hakuna hata nguzo kwenye kona. Ukiwasha taa unaona hadi waya za ndani zilivyolala.

Mimi nikasema wavu.

Chumba chake cha kazi ndimo anamochezea mtoto. Kina joto, vumbi linaingia, na Kidoti ana miaka minne, hajui kupita kando ya kitu bila kukigusa.

"Wewe mambo haya huyajui," akanijibu. "Watu wanakula kwa macho."

"Hao watu hawaishi hapa. Hicho kioo kitakuja kutuletea balaa, shauri yako."

Hiyo sentensi muiweke akilini. Mama mkwe alikuwa sebuleni anachambua mchele, na masikio ya mama mkwe hayana likizo.

Bwana akapeleka swali kwa wafuasi wake: kioo au wavu?

Wakachagua kioo, tena kwa kishindo. Kuna mmoja aliandika, "Wavu ni wa kufugia kuku." Mume wangu alicheka, akaja jikoni kunisomea, akarudi akacheka tena.

Kasha likaletwa. Akaweka kamera kwenye stendi yake, akaanza kurekodi. Ili ufanye kazi ndani ya lile kasha, lazima uvue kioo cha ubavuni na kukiweka pembeni. Yeye akakiegemeza ukutani, kona yake imekaa moja kwa moja juu ya vigae.

Simu ikaita, akatoka nje kuongea.

Kidoti akamwaga kikombe cha maji mlangoni mwa kile chumba. Nikaja na tambara, naogopa asiteleze. Nimeinama nafuta, kioo kiko nyuma yangu, hata sikukitazama.

PAA!

Kioo cha aina hii hakivunjiki vipande viwili vitatu. Kinalipuka chote kwa mpigo, kinakuwa changarawe. Masikio yakaanza kuvuma, nikaona mdomo wa mwanangu umefunguka analia, na mimi simsikii.

Ya baada ya hapo mmeshayasikia. Mama mkwe akatoka sebuleni, akamchukua mtoto, wakaenda naye hospitali kumshona. Mimi nikaambiwa nibaki nifagie.

Waliporudi, mtoto amelala begani kwa bibi yake. Nikamuuliza mume wangu.

"Kamera si ilikuwa inarekodi? Si tuangalie?"

"Ilizima," akasema. "Betri iliisha mapema."

"Baba Kidoti, sikukigusa."

"Siku ile ulisemaje? Si ulisema kitaleta balaa? Mama amekusikia kwa masikio yake."

"Kusema ni kosa?"

"Nenda kwa dada yako kidogo, hasira zitulie. Siku chache tu."

Siku chache zikawa wiki. Wiki zikakaribia mwezi.

Kila nikienda kumwona mtoto, mama mkwe anasimama mlangoni, ameshika fremu huku na huku kama mlango ni wake wa kuzaa.

"Bado anakuogopa. Ukimtisha tena kidonda hakitapona."

Kidonda cha mguuni na kunitazama mimi vinahusiana wapi? Niligeuka nikarudi kwa dada. Ukibishana na mama mkwe mlangoni, majirani wote wanakuwa mahakimu, na hukumu unaijua.

Siku moja nikampigia mume wangu, nikambembeleza aweke simu sikioni kwa mtoto.

"Kidoti wa mama, hujambo?"

"Sijambo. Mama, kwa nini ulivunja kioo?"



"Nani kakwambia mama kavunja?"

"Bibi."

Halafu akaongeza:

"Na baba."

Nililia siku hiyo hadi dada yangu akaja kukaa kando yangu. Na niwaambie jambo baya zaidi... nilianza kuamini. Naweka tambara mkononi, nainama, nageuka taratibu kuona kama kiwiko changu kingefika ukutani. Nikaanza kujisemea, labda nilikipiga, labda nilikuwa na hasira na sikujijua. Watu wote wakisema una mkia, mwisho unapapasa nyuma.

Ukoo ukakaa. Baba mkubwa wa mume wangu akanipigia kuniletea jibu.

"Mwanangu, jambo ni dogo. Uje uombe radhi mbele ya wote, ulete na kioo kingine badala ya kile. Ukishafanya hivyo, tutazungumza habari ya mtoto kukaa na wewe."

"Baba mkubwa, sikukivunja."

"Hata kama. Omba tu."

Dada naye akasema hivyohivyo. "Radhi haimpunguzi mtu uzito. Omba, mchukue mtoto wako, mengine tutayajua mbele."

Basi nikaenda dukani kununua kioo ambacho sikukivunja.

Ni duka lilelile alikonunua kasha mume wangu. Lina feni na mashine zimewashwa kila kona, zinanguruma, watu wanaongea kwa kupaza sauti. Muuzaji ananifahamu.

"Shemeji, karibu. Mguu wa mtoto unaendeleaje?"

Nikashtuka. Habari ya mguu kaitoa wapi?

"Unaendelea. Nimekuja kununua kioo cha ubavuni, cha lile kasha la Mzee wa Taa."

"Kwani na hiki kimepasuka?"

"Hiki kipi?"

"Hiki tulichompa. Alikuja kesho yake tu, tukambadilishia bure."

"Bure... kivipi?"

"Waranti, shemeji. Kioo huwa hatubadilishi ovyo, maana mtu atakiangusha aje aseme kimejipasukia. Tunataka ushahidi. Yeye alituletea video."



"Video ya nini?"

"Ya kioo kikilipuka. Kusema kweli kosa lilikuwa lake. Siku ananunua nilimwonya: kona ya hiki kioo usiiweke juu ya vigae, tandika kitambaa, la sivyo kinaweza kulipuka bila kuguswa na mtu. Lakini bosi akamwonea huruma kwa sababu ya mtoto. Alilia hapa, shemeji. Akasema mwanawe kaumia na hakuna aliyekigusa. Na kweli, wewe unaonekana kabisa, umekipa mgongo, unafuta maji."

Akaitafuta kwenye simu yake, akanipa.

Kwa kelele za pale sikusikia sauti yoyote, lakini niliona. Nikajiona nimeinama. Mwanangu kasimama nyuma yangu kidogo, kioo kimeegemea ukuta upande wa pili, mbali na kiwiko changu. Halafu kikamwagika chote, chenyewe.

Nikajiona ninamnyakua mtoto na kukaa naye chini. Mume wangu akaingia. Akatupita, mimi na mtoto wake anayevuja damu, akaenda kupapasa ndani ya kasha kama kuna kilichoharibika. Kisha akageuka, mdomo wa Kidoti unacheza unamwambia kitu, na yeye akaja kwenye kamera. Picha ya mwisho ni kiganja chake.

Betri iliisha, eti.

Kwa hiyo alijua. Tangu dakika ileile alijua. Dukani alisema ukweli kwa sababu ukweli ulikuwa unampa kioo. Nyumbani ukweli huohuo ungemwaibisha, akauacha dukani. Kioo kilipata haki yake kesho yake, mimi mkewe bado niko njiani naenda kuomba radhi.

Nikamwomba muuzaji anitumie ile video. Akanitumia, uso wake umebadilika, nadhani alishaelewa.

Nikaenda kwenye kikao.

Walikuwa sebuleni wote watatu: mama mkwe, baba mkubwa, na yeye. Mtoto kapelekwa kwa jirani. Kupitia mlango wa chumba cha kazi niliona kasha limewaka, taa zinabadilika rangi, kioo kipya safi kabisa.

"Kioo kiko wapi?" mama mkwe akauliza.

"Kiko pale, mama. Kimewekwa tangu kesho yake."

"Mimi naulizia cha kwako wewe, kile ulichoambiwa u..."

Nikaweka simu mezani, nikabonyeza.

Mume wangu alipoona picha ya kwanza tu, alikaa vizuri kwenye kiti, akafunga macho.

Wakatazama hadi kile kiganja.  Mama mkwe ndiye aliyevuta simu karibu.

"Irudishe. Ongeza sauti."

Nikaongeza. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaisikia, siku ile masikio yangu hayakuwa yangu. Mume wangu akaingia kwenye picha, akatupita, akapapasa kasha lake. Na sauti ndogo ya mwanangu, inakatikakatika kwa kilio, ikasema:

"Chenyewe, baba. Kioo kimepasuka chenyewe."

Baba mkubwa akavua miwani yake.

"Kwa nini?" akamuuliza mume wangu.

Najua humu mnasubiri mwanamke wa pembeni. Hakuwepo. Ningetamani angekuwepo, ningekuwa na mtu wa kumchukia.

"Nilikiegemeza mimi," mume wangu akasema. "Nilishaonywa. Mama angesema nimemuumiza mjukuu wake kwa mambo yangu ya taa. Mama alipoanza kumlaumu yeye... mimi nikanyamaza tu. Nilidhani yataisha."

"Na mtoto ulimfundisha ya nini?"

"Alikuwa anasema tofauti na bibi yake. Nikaona atatuchanganya."

Basi. Ni hayo tu. Mtu alikuwa anaogopa kugombezwa na mama yake.

Mama mkwe hakuniomba radhi. Aliinuka, akaenda kwa jirani, akarudi na mtoto na begi lake, akanikabidhi vyote viwili bila kunitazama usoni. Huenda kwake hiyo ndiyo radhi.

Mume wangu alinifuata hadi nje.

"Mama Kidoti, turudi nyumbani tuyamalize."

"Nimeshayamaliza."

"Kwa ajili ya kioo?"

Nikamshika mtoto mkono tukaondoka, na hadi leo anawaambia watu niliondoka kwa ajili ya kioo.

Komenti nazijua zitakavyokuwa. Wengine mtasema nirudi, wengine mtasema nimshitaki. Mimi neno langu ni moja tu kwenu. Mwenzako akitupiwa kosa mbele yako na wewe unaujua ukweli, sema palepale. Usidhani ukinyamaza umekaa katikati, umeshachagua upande.

Na usimtie mtoto uongo kinywani, kwa sababu hiki kinachofuata sijui nikitibu vipi.

Juzi nimemkalisha Kidoti mapajani. Nikasema wakubwa wote wameshaelewa, amebaki yeye. Nikamwekea ile video, sauti juu.

Akatazama. Kioo kikapasuka, akakunja vidole vya miguu. Ile sauti ndogo ikasema, "Chenyewe, baba."

"Umemsikia huyo mtoto?" nikamuuliza. "Unamjua ni nani?"

Akaangalia kwa muda.

"Simjui."

"Ni wewe, mama. Ni Kidoti."

Akatikisa kichwa.

"Siyo mimi. Huyo anasema uongo. Wewe ndiye ulivunja."

Halafu akateremka mapajani mwangu, akaenda kutafuta viatu vyake. Siku hizi nikiwepo chumbani anavaa viatu.