Wapangaji wa Kiwanja Kitupu

Jumanne ile ilianza kama Jumanne nyingine yoyote. Mama Desibeli alikunywa chai amesimama, akabeba begi la vyombo vyake na kwenda kazini. Jina hilo alibandikwa na majirani, naye hakulichukia, kwa sababu kazi yake kweli ilikuwa kupima kelele. Mtu akitaka kujenga nyumba za kuishi watu karibu na barabara au karakana, ofisi ya mipango haitoi kibali mpaka ipate ripoti: kelele ni kiasi gani, watu watalala au watakesha, madirisha yawekwe kioo kimoja au viwili. Ripoti hizo alikuwa akiziandika mwaka wa kumi na moja sasa.

Kiwanja cha siku hiyo alikuwa akisikia habari zake nyumbani kila jioni. Jengo la ghorofa sita lingesimama hapo, na mdogo wake, Kitinda, aliyekuwa akiishi kwake na mimba ya miezi saba, alikuwa ameshajiandikisha na mumewe kupata nyumba ghorofa ya tatu. Kikanuni, Mama Desibeli alipaswa kumweleza bosi wake jambo hilo. Alinyamaza.

"Utupimie vizuri, Dada," Kitinda alimtania akiwa mlangoni. "Mwanangu asije akakosa usingizi kwa ajili ya malori."

Kiwanja kilikuwa na majani makavu tu. Upande mmoja barabara ya malori, upande mwingine karakana ya seremala yenye msumeno wa umeme unaokata maneno mdomoni. Akasimamisha kipimo chake katikati, juu ya stendi ya miguu mitatu, akakiacha kisikilize mchana na usiku, akamwachia mlinzi ufunguo wa geti.

Kesho yake alikichukua kipimo, na ofisini akafungua takwimu. Kelele zilikuwa zilezile alizozitarajia, isipokuwa sehemu moja. Saa nne kamili asubuhi mstari wa grafu ulianguka ghafla, ukalala chini kabisa kama umepimwa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha. Ukakaa hivyo dakika kumi na moja. Kisha ukapanda tena.

Wazo lake la kwanza ni kwamba kuna mtu alikifunika kipimo. Akamshuku mlinzi. Akamshuku zaidi msimamizi wa mradi, aliyekuwa amepiga simu mara tatu tangu asubuhi kuuliza kama majibu ni mazuri. Lakini mtu mwenye nia ya kudanganya angefunika siku nzima, si dakika kumi na moja. Alipompelekea bosi takwimu hizo, bosi alimwambia azifute dakika hizo, achukue wastani na kutia saini. Hata hakuuliza zilikuwa dakika gani. Hilo lilimkaa rohoni.

Mchana akapekua kabati la mafaili ya zamani. Kiwanja hichohicho kilishapimwa miaka miwili nyuma na mzee mmoja wa ofisi yao, mcheshi asiyefunga mdomo, aliyeacha kazi bila kuaga mtu. Kila saa aliijaza kwa mwandiko wake safi. Saa nne asubuhi ilikuwa imeachwa wazi.

Alhamisi akarudi kiwanjani na kipimo chake, safari hii asimame mwenyewe. Mlinzi alimfungulia, akamwambia kwamba saa nne yeye huwa hayupo. Akaondoka bila kusema anakwenda wapi.

Msumeno ulikuwa ukilia. Malori yalikuwa yakipita. Mama Desibeli akatazama saa yake.

Kelele zikakatika.

Akageuka. Seremala alikuwa bado anasukuma ubao kwenye msumeno. Vumbi la mbao lilikuwa likiruka. Lori likapita. Alilisikia kwenye nyayo zake, si masikioni. Akafikiri amekuwa kiziwi. Akakohoa. Kikohozi chake akakisikia vizuri kabisa.

Kisha kiti kikaburutwa. Juu yake.

Akainua uso. Palikuwa na anga tu, na mawingu mawili. Sahani ikawekwa mezani. Fagio likapita sakafuni, taratibu, kona hadi kona. Mtoto akakimbia kutoka upande wa barabara mpaka upande wa karakana, vishindo vyake vikipita juu ya kichwa chake. Juu zaidi, mtu alikohoa. Juu zaidi ya hapo, mlango ukafungwa.

Halafu sauti ikatoka hewani, mahali ambapo pangekuwa na ghorofa ya tatu. Ilikuwa sauti ya Kitinda.

"Dada, ni wewe?"

Alishaitika kabla ya kufikiri. "Ni mimi."

Huko juu kila kitu kikatulia. Kiti. Fagio. Mtoto. Kisha nyayo zikaanza kushuka ngazi. Nyingi. Bila haraka.

Alikimbia, kipimo akakiacha palepale. Alipovuka geti, mlio wa msumeno ulimrudia kama kofi. Akampigia Kitinda simu. Kitinda alikuwa kliniki, kwenye foleni, akilalamikia benchi gumu.

Jioni hiyohiyo alimtafuta yule mzee. Alikaa kwenye nyumba ya chini, ya mabati, na mkewe ndiye aliyefungua. Ndani, magodoro yalikuwa yamepigiliwa misumari kwenye dari, chumba kizima. Mzee aliyekuwa hafungi mdomo sasa alinong'ona.

"Walikuita?"

"Waliniita."

"Kwa sauti ya nani?"

"Ya mdogo wangu."

"Mimi ilikuwa ya marehemu mama." Akamkazia macho. "Uliitika?"

Mama Desibeli akasema hapana.

"Vizuri. Maana ukiitika, hawangoji jengo lisimame. Wanahamia kwako."

Juu ya magodoro kitu kizito kikavutwa, kikatua. Mke wa mzee aliendelea kukunja nguo. Hakuinua kichwa.

Ripoti aliiandika na dakika zake kumi na moja kama zilivyokuwa, akakataa kuzifuta. Bosi alimpa faili mtu mwingine, likatiwa saini siku hiyohiyo, na kibali kikatoka. Kwa Kitinda ilikuwa kazi nzito zaidi. Alimsimulia yote, kasoro kwamba pale kiwanjani aliitika. Kitinda alilia, akanuna siku tatu, akamshuku dada yake kwamba anataka wakae kwake milele ili asibaki peke yake. Mwishowe mumewe ndiye aliyeenda kufuta majina yao. Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, akalazwa chumba cha nyuma, humohumo kwa Mama Desibeli.

Jengo lile limekwisha na watu wanaishi humo. Wanasema ni patulivu kupita kiasi kwa nyumba iliyo kando ya barabara.

Mvua zilipoanza, dari ya chumba cha nyuma ilivuja. Fundi akaletwa, akapanda na tochi yake. Nafasi kati ya dari na bati ilikuwa ndogo sana. Alitambaa kwa tumbo. Aliposhuka alijipangusa, akasema tundu limezibwa, kisha akauliza ni nani aliyekuwa akilala kule juu.

Mama Desibeli akamuuliza ana maana gani.

"Kitanda chenyewe hakipo," fundi alisema. "Alama tu."

Akamshikia ngazi apande kujionea. Vumbi la miaka lilifunika dari yote, zito kama blanketi. Lakini juu ya mahali alipolala mtoto palikuwa pamefagiliwa, pasafi, pa mraba. Ndani ya usafi huo mlikuwa na vishimo vinne vya miguu ya kitanda kidogo, vimedidimia kwenye ubao kama vya kitanda kilicholaliwa kwa miaka. Kando yake palikuwa na alama za magoti mawili ya mtu mzima, kama aliyepiga magoti kumchungulia mtoto huko chini.