Sikio la Kushoto la Gari la Mjomba

Kila Ijumaa, Amira alipotoka shuleni alipitia kwenye bucha ya baba yake karibu na soko la Meru, akachukua nyama ya jioni na kurudi nyumbani. Kwa kawaida alitembea polepole akisalimiana na kila mtu. Ijumaa hii alikimbia, kwa sababu Mjomba Abdilatif alikuwa amekuja kutoka Nairobi na gari.

Gari hilo halikuwa jipya, lakini lilikuwa jekundu na fupi, na lilinguruma hata majirani waliokuwa wamelala wakatoka nje kulitazama.

"Ni gari la mashindano, lakini ni otomatiki," mjomba alimweleza Amira. "Linajichagulia gia lenyewe. Dereva akitaka, anaweza pia kuchagua mwenyewe. Unaona masikio haya mawili nyuma ya usukani? La kulia lina alama ya kujumlisha. Ukilivuta, gia inapanda. La kushoto lina alama ya kutoa. Ukilivuta, gia inashuka, na injini inalizuia gari lisikimbie mteremkoni."

"Si kuna breki, Mjomba?"

"Zipo. Lakini ukizikanyaga mteremko mzima zinapata moto, na breki zenye moto hazishiki. Kesho tukifika Nithi utaona nitakavyolishusha kwa kidole kimoja."

Hakuna mtu wa Meru asiyeujua mteremko mkali wa daraja la Nithi, ambako magari mengi yamepata ajali. Hata wenye maneno mengi hunyamaza wakifika pale. Kesho yake mjomba angempeleka mama yake, Nyanya Mwanatatu, hadi Runyenjes kwa kina Safiya, binti ambaye mjomba alitaka kumwoa, kupeleka posa. Amira alikuwa amechaguliwa kubeba sinia la halua. Mjomba mwenyewe hangeingia ndani. Desturi ilimtaka asubiri nje, na tangu asubuhi Nyanya alikuwa akimtania kwamba atatoka jasho kama mtahiniwa.

Jioni mjomba alimpa Amira ufunguo. "Niletee koti langu garini. Usiguse usukani, sawa?"

"Sawa, Mjomba."

Amira alikusudia kuchukua koti tu. Lakini binamu yake Kasim alikuwa amesimama kando ya gari akitafuna chingamu. Kasim hakosi chingamu. Huipata kwenye kibanda cha miraa, kwani wanaotafuna miraa hutafuna na chingamu kupunguza uchungu.

"Kaa kidogo kwa usukani," Kasim alisema. "Ama unaogopa?"

"Nani anaogopa?"

Akaketi. Akashika usukani, akanguruma kwa mdomo, akavuta sikio la kulia, akavuta la kushoto.

"Kona hiyo! Vuta na nguvu!" Kasim alipiga kelele.

Kak! Sikio la kushoto likabaki mkononi mwa Amira.

"Si mimi," Kasim alisema upesi, ingawa hakuna aliyemshtaki. Kisha akamwonea huruma. Akatoa chingamu mdomoni. "Bandika na hii. Ikikauka inakuwa ngumu sana. Mimi nilibandika kioo cha baiskeli nayo, mpaka leo hakijaanguka."

Walibandika. Baridi ya jioni ikaigandisha ile chingamu, na sikio likaonekana zima kabisa. Amira alifunga mlango, akapeleka koti, akarudisha ufunguo. Mjomba akamshukuru kwa kuwa mtoto mwaminifu, na shukrani hiyo ikamchoma kuliko kofi.

Asubuhi waliondoka baada ya chai. Nyanya alikaa mbele na buibui lake jipya, Amira akakaa nyuma na sinia mapajani. Hadi Nkubu walifuata lori la mchanga lililokwenda kwa kujikokota, kwa hiyo mjomba hakuhitaji masikio. Hata hivyo kila mara vidole vyake viliposogea nyuma ya usukani, Amira alilikaza sinia kwa mikono miwili.

Jua lilizidi kupanda. Lilipiga kwenye kioo cha mbele, likaangaza usukani wote. Amira alikumbuka chingamu inavyokuwa juani, inavyolainika na kunata kwenye viatu.

"Mjomba, naomba tusimame. Nasikia vibaya."

Walisimama kwenye kituo cha mafuta. Nyanya alimpa kipande cha tangawizi atafune na kumpapasa mgongo. "Ni gari tu linakusumbua, mjukuu wangu. Pole. Ama kuna kitu kingine?"

Huo ndio uliokuwa wakati wa kusema. Amira alifungua mdomo. Akawaza jinsi mjomba atakavyokasirika, posa itakavyoharibika, na watu wote watakavyojua kwamba yeye ndiye chanzo.

"Hakuna, Nyanya," alisema, na aliona aibu palepale.

Wakarudi barabarani. Muda si mrefu vibao vya kuonya madereva vikaanza kuonekana. Mjomba akazima redio, akakaza mkanda.

"Sasa ndio Nithi," alisema. "Amira, tazama kidole changu."

Amira alitazama. Kidole kilisogea kushoto. Mbele yao barabara ilikuwa imeanza kuinama, na nyuma yao basi lilikuwa likija.

"Mjomba, usivute! Limevunjika! Mimi ndiye nililivunja! Simama, tafadhali simama!"

Sinia liliyumba na halua ikateleza hadi ukingoni. Mjomba hakuuliza neno. Aliwasha taa ya kuashiria, akakanyaga breki taratibu na kutoka kando ya barabara, karibu na wanawake waliokuwa wakiuza ndizi. Basi likawapita kwa upepo mkubwa.

Aligusa lile sikio kwa ncha ya kidole. Likang'oka, likining'inia kwenye uzi mrefu wa chingamu ya waridi.

Mjomba aliliweka juu ya dashibodi. Amira akaanza kulia. Alisimulia yote: jinsi alivyokaa kwenye usukani, alivyovuta na alivyobandika. Jina la Kasim hakulitaja.

"Unajua kingetokea nini?" mjomba aliuliza hatimaye. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Ningevuta, kipande hiki kingeanguka chini ya miguu yangu. Mimi ningeinama kukitafuta, gari likikimbia. Au kingejibana chini ya breki."

"Nisamehe, Mjomba. Tutarudi nyumbani sasa?"

"Hapana. Njia ya kushuka ipo nyingine, maadamu najua kwamba hii imevunjika."

Alisogeza mkono wa gia pembeni, penye alama zilezile za kujumlisha na kutoa. Nyanya alisema bismillahi, nao wakaingia barabarani taratibu. Mjomba alisukuma mkono wa gia kuelekea alama ya kutoa. Injini ilinguruma kwa nguvu, tarakimu kwenye dashibodi ikawa tatu, kisha mbili, na gari likajishika lenyewe. Walishuka nyuma ya lori jingine, wakavuka daraja, wakapanda upande wa pili. Hapo ndipo Amira alipogundua kwamba alikuwa bado na tangawizi shavuni.

Walipofika Chuka, mjomba aliegesha gari na kugeuka nyuma.

"Kugusa usukani ni kosa, na hutakaa tena kwenye hili gari bila mtu mzima. Kipande hiki kitanunuliwa kingine. Kilichoniuma ni kwamba ulijua tangu jana, ukaniacha niendeshe."

Amira aliinamisha kichwa.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," Nyanya alisema. "Na leo kingetuumbua sote watatu. Kila mtu hukosea, Amira, hata mjomba wako huyu anayetaka mke. Lakini ukikosea sema mapema, wakati bado kuna mahali pa kusimama. Umechelewa kusema, ila umesema, na ndiyo maana tuko hapa."

Amira alipangusa machozi. Alirudisha halua katikati ya sinia, akafikiri kidogo.

"Nyanya, naomba simu yako. Mama bado hajui."

Nyanya alimtazama, kisha akampa. Simu ililia mara mbili.

"Mmefika?" sauti ya mama iliuliza.

"Bado, Mama," Amira alisema. "Nina jambo nataka ulisikie kutoka kwangu mimi mwenyewe."