Walibofya kwa Upendo, Wakanizika

"AKAUNTI YAKO YA MATANGAZO IMEFUNGWA. UAMUZI HUU NI WA MWISHO."

Niliusoma ujumbe huo nikiwa bandani, mkono mmoja simu, mkono wa pili mtama, njiwa wamenijaa mabegani.

Mtama wote ukamwagika!

Nikauteremsha ujumbe kutafuta sababu. *Mibofyo ya udanganyifu.*

Mimi?! Mdanganyifu?!

Jamani, ngojeni kwanza niwarudishe nyuma, maana hasira isiyo na historia ni kelele tu.

Nilikuwa mbeba magunia kwenye kiwanda cha chakula cha mifugo. Tajiri wa pale tulimwita Bosi Pumba. Siku mwenzetu alipokatwa vidole na mashine, Bosi Pumba akasema ni uzembe wake mwenyewe. Nikapanda juu ya magunia, nikawahutubia wenzangu mpaka mashine zikazimwa.

Jioni ileile nikatupwa nje ya geti kama paka mwizi.

Sijasahau. Wala sina mpango wa kusahau.

Nikajifundisha kutengeneza tovuti kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Hakuna aliyenishika mkono. Nikafungua uwanja wa mtandaoni wa wafuga njiwa: magonjwa, mbegu, mashindano, picha, matusi ya kirafiki.

Lakini moyo wa uwanja ulikuwa ukurasa mmoja... WALIOPOTEA.

Njiwa akipotea, aliyemwokota anaandika pale namba ya pete iliyo mguuni, mwenyewe anamfuata. Nimeona wanaume wenye ndevu wakilia pale kwa sababu ya ndege!

Watu wakajaa, matangazo yakafuata. Msomaji akivutiwa na tangazo akalibofya, kampuni ya matangazo inanilipa kidogo. Kile kidogo kikawa kodi ya nyumba na ada za watoto.

Kazi isiyo na bosi! Nikatamba mtaa mzima.

Siku moja mdogo wangu, tumbo moja, niliyemfundisha kila kitu na kumpa neno la siri la tovuti, akaja anatabasamu.

"Kaka, Bosi Pumba anataka kutangaza kwetu. Moja kwa moja, bila kampuni katikati."

"Mwambie akatangaze vidole vya yule jamaa."

"Kaka, hayo ni ya zamani bwana! Hela haina kinyongo."

"Mimi ninacho. Cha kututosha wote wawili."

Akacheka. Nami nikacheka, mjinga mimi...

Haukupita muda, akaunti ndiyo hiyo, imefungwa.

Nikaandika rufaa, nikajibiwa na mashine. Nikaandika kwa heshima, mashine. Nikaandika kwa matusi... mashine ikanishukuru kwa uvumilivu wangu!

Bosi Pumba angalau nilikuwa najua mlango wake. Huyu hata sura hana.

Nikiwa katika hali hiyo, akanipigia Bibi Manyoya. Huyu ni mwanachama wetu wa siku nyingi, mjane, njiwa ndio watu wa nyumbani kwake.

"Mwanangu, hujambo? Ule msaada unakufikia vizuri?"

"Msaada gani, bibi?"

"Si ule wa kubofya! Mimi kila asubuhi, kabla hata ya chai, nabofya matangazo yote, moja moja, mpaka kidole kinaniuma. Kama ulivyotuagiza."

Nikakaa chini.

"Niliwaagiza... mimi?"

"Ujumbe ulitoka kwako, baba. Kwamba umekwama, tukusaidie, ila tusiseme hadharani usije ukaaibika. Wote tunabofya!"

Wenzangu, mwenye tovuti yoyote analijua hili: ukiomba watu wakubofyee matangazo, kampuni inakuhesabu mwizi. Wakigundua, wanakufungia maisha.

Na neno la siri la kutuma ujumbe kwa jina langu tulikuwa nalo wawili tu.

"Na kule tulikohamia naendelea vilevile," Bibi Manyoya akasema. "Nyumba mpya uliyotuelekeza."

"Nyumba mpya ipi, bibi?!"

Akanisomea anwani. Nikaifungua.

Rangi zilezile. Picha zetu. Ukurasa wa Waliopotea, umebebwa mzima mzima! Pembeni matangazo ya kampuni ileile, safari hii kwa akaunti ya mdogo wangu. Na juu kabisa, likichekacheka, gunia la chakula cha njiwa...

...la BOSI PUMBA!

"Bibi, nitakupigia baadaye."

"Kwani nimekosea, mwanangu? Niache kubofya?"

Simu nikaikata.

Nilimkuta mdogo wangu kibarazani kwake, anakunywa chai, tena bila haraka.

"Umeniuza."

"Nimekuokoa na kiburi chako. Utakula hotuba mpaka lini, kaka? Watoto wako wanakula hotuba?"

"Kwa nini hukuniambia uso kwa uso?"

"Nilikuambia! Ukanijibu vidole."

Akanywa funda, akaongeza, "Nitakuajiri, usijali. Nahitaji mtu wa kufuta matusi kwenye maoni."

Sikumpiga. Miguu ilinirudisha nyumbani yenyewe. Nikampigia Bibi Manyoya.

"Bibi, hujakosea kitu."

"Niendelee?"

Hapo ndipo mngenishika mkono, mliokuwa mnanipenda.

"Endelea, bibi. Na wenzako wahimize. Asubuhi na jioni."

Siku chache baadaye geti likagongwa. Mdogo wangu, macho mekundu, simu mkononi. Hata kabla hajainyoosha nilishajua imeandikwa nini.

"Kaka, wamenifungia. Na Bosi Pumba amesema hataki tovuti yenye sifa ya wizi... Ni wewe?"

"Ni upendo wa watu, mdogo wangu. Uleule ulioniletea."

Nikafunga geti.

Tovuti yake ilizimika, yangu ilishazimika kwa kukosa malipo. Mama yetu, aliyekataa kumtetea yeyote kati yetu, hatuongei naye sote wawili. Bibi Manyoya bado ananipigia kuuliza tunahamia wapi, nami sina ubavu wa kumwambia kuwa kidole chake tulikitumia ndugu wawili, kila mmoja kumkata mwenzake.

Kwa hiyo shikeni hili. Kazi inayoweza kufungwa na mtu usiyeweza kumgongea mlango si yako, umeazimwa. Na ukiombwa wema wa siri, hata kwa jina la unayempenda, uliza mbele ya watu wote. Uliza kwa sauti! Sisi hakuna aliyeuliza.

Juzi njiwa mgeni ametua bandani kwangu, hoi, bawa linaburuza. Pete iko mguuni, namba inasomeka vizuri kabisa.

Sina pa kuiandika.