Mguu wa Siafu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, dada yake Siafu aliweka glasi ya maziwa na yai la kuchemsha kwenye stuli kando ya kitanda. Na kila asubuhi Siafu aligeukia ukutani.

"Kula."

"Kula wewe, muongo!"

"Basi kaa na njaa yako." Dada alibeba mkoba wake, akaubamiza mlango.

Siafu alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alipachikwa jina hilo kwa sababu hakuwahi kutulia mahali pamoja. Sasa wiki ya sita ilikuwa inakwisha yuko kitandani, mguu wa kulia uliovunjika umefungwa plasta. Dada yake alikuwa amempakia kwenye baiskeli, wakashuka mteremko wa shule, baiskeli ikayumba na kuwatupa mtaroni. Dada hakupata hata mkwaruzo. "Alikuwa anarukaruka huko nyuma," alimwambia mama.

Mama, fundi cherehani mwenye kazi za watu hadi shingoni, aliamini papo hapo. Nani asiyemjua Siafu? "Umeyataka mwenyewe," alisema.

Neno hilo lilimchoma Siafu. Alinuna. Yai alimpa paka. Muuguzi alimwagiza achezeshe vidole vya mguu asubuhi na jioni. Hakuchezesha hata kimoja. Wenzake walipokuja kumjulia hali, aliwafukuza. Usingizi nao ukampaa, akawa analala macho akipanga maneno makali ya kumrushia dada yake.

Jumamosi wote watatu walikwenda kwa daktari wa mifupa. Daktari huyo, mwanamke mwenye miwani, aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga, akakunja uso.

"Mfupa umechelewa kuunga. Kwa umri wake, nilitarajia zaidi ya hapa."

Mama akaja juu. "Unasikia? Mimi najivunja mgongo kwenye cherehani ili ule mayai, wewe unampa paka! Unadhani sioni?"

"Uliniuliza hata siku moja nini kilitokea?" Siafu alifoka. "Unamwamini huyu!"

"Usininyooshee kidole!" dada akadakia.

"Nyamazeni!" Daktari alipiga meza kwa kiganja. "Hapa si sokoni. Wewe mdogo, sema. Wengine fungeni midomo."

Siafu alisema yote. Hakurukaruka hata kidogo. Dada aliachia usukani mikono yote miwili, ili rafiki zake waliosimama kando ya barabara wamwone.

Mama akamgeukia mkubwa. Dada aliikodolea sakafu macho, machozi yakimchuruzika.

"Ni kweli. Niliogopa utanipiga. Kila nikitaka kusema, ananitukana, nikaona heri ninyamaze."

"Wiki sita!" Mama alishusha pumzi. Kisha akamwambia Siafu, kwa sauti ya chini, "Nilikuhukumu bila kukuuliza. Nimekosa, mwanangu."

Siafu hakumkumbatia mtu. "Sijakusamehe," alimwambia dada yake. Lakini jioni ile alikula yai lote, na paka akalia bure.

Hasira haikuisha siku moja. Dada ndiye aliyemsimamia mazoezi. "Nane... tisa... bado moja!" "Najua kuhesabu!" Siafu alimkaripia, huku akichezesha vidole. Usingizi ulirudi. Wenzake nao wakaruhusiwa kuingia.

Baada ya wiki tano plasta ilikatwa. Mguu ulikuwa mwembamba, umepauka, lakini mfupa umeunga.

"Dawa haikuwa maziwa peke yake," daktari alisema. "Mtoto mwenye kinyongo hali, halali, hafanyi mazoezi. Mfupa utapata wapi nguvu? Ukiumia moyoni, sema mapema, kama unavyosema mguu unauma. Na nyinyi wakubwa, mkiambiwa, sikilizeni."

Mama aliitikia kwa kichwa. Siafu alikanyaga sakafu taratibu, hatua moja, kisha nyingine, uso umemkunjamana.

"Unauma," alisema. "Na hasira bado ninayo kidogo."

"Vizuri," daktari akajibu. "Umesema."