Mfupa Kutoka Duarani

Kwanza ilikuwa sweta ya Bibi Nonie. Muireann alidhani ni chai: madoa mawili ya majimaji, moja kila upande wa kifua. Akachukua kitambaa, akainama amfute, ndipo harufu ikampanda puani. Haikuwa chai. Yalikuwa maziwa, ya uvuguvugu, matamu, na Bibi alikuwa na miaka themanini na sita.

"Usimwambie baba yako," Bibi alinong'ona.

Baba yake asingesikia hata kama angeambiwa. Tangu baridi iishe, Murt Marrinan alikuwa na wimbo mmoja tu, nao ni ukoo. Akina Marrinan wote, wa pale Clare na wa Boston, wangekutana mwezi wa Agosti kumchagua mkuu wa ukoo, na Murt, mwenye ng'ombe kadhaa na goti bovu, alikuwa ameapa kwamba mkuu atakuwa yeye. Ndiyo maana, kabla ya sweta kulowa, alikuwa ameagiza kile kipimo cha vinasaba, vile vinavyotoka kwa baba kwenda kwa mwana, ambavyo watu husema vinamfikisha mtu hadi kwa wafalme wa kale wa Ireland. Akamfungua mdomo Fiachra, mwanawe wa kiume, akamsugua kijiti ndani ya shavu kama anayempa ndama dawa.

"Na mimi je?" Muireann aliuliza.

"Wewe huna hicho kitu, binti yangu. Kinapita kwa wanaume tu."

"Kwa hiyo marehemu Mama alikuwa nani? Mfuko wa kubebea?"

"Mama yako alikuwa mtu wa Kerry, si wa ukoo huu," alijibu Murt, kana kwamba kesi imekwisha.

Angekomea hapo, pengine nyumba ingepona. Lakini mate ya kijana hayakumtosha. Alitaka chifu mwenyewe, yule babu wa kale wa ukoo aliyesemekana kuzikwa duarani. Akachukua koleo akaenda duarani.

Duara lilikuwa katikati ya malisho, tuta la udongo la watu wa kale lililozungukwa na miti ya miiba, na hakuna mtu wa Clare mwenye akili zake anayeligusa. Trekta hulizunguka. Tawi likianguka, linaozea palepale. Wenye duara, viumbe wasioonekana wanaokaa chini yake, hawatajwi hata kwa jina lao. Husemwa tu "wale wema", kwa sauti ya chini, jinsi unavyomsifu mbwa usiyemwamini. Murt mwenyewe aliwahi kumfukuza fundi wa uzio kwa kuegemeza nyundo pale. Ila kiti cha ukuu kina utamu wake. Akarudi na mfupa mdogo wa rangi ya kahawia, akauweka juu ya meza ya jikoni, juu ya karatasi ileile iliyokuwa na kijiti cha Fiachra kikiwa bado kibichi kwa mate.

"Kidole cha chifu," alisema.

"Chifu gani ana kidole kama njiti ya kiberiti?" Muireann aliuliza. Murt akakwangua unga kidogo wa mfupa, akautia pamoja na kijiti katika bahasha moja.

Baada ya sweta ya Bibi ikawa zamu ya Fiachra: alianza na baridi. Kijana aliyekuwa akibeba magunia ya chakula cha ng'ombe mawili mawili sasa alijikunyata kando ya jiko katikati ya kiangazi, hataki viazi, hataki nyama, anataka maziwa tu. Kisha sauti ikakauka. Daktari wa mjini Ennis akapima damu, akapima mapafu, akasema apumzike.

Jioni moja, jua bado likiwaka kwenye vioo, Muireann alimpelekea supu chumbani. Akiwa kwenye ngazi alisikia kichanga kikilia, kilio kile chembamba cha mtoto wa siku moja, akafikiri ni paka, akapanda, na kadiri alivyopanda ndivyo harufu ya maziwa na udongo mbichi ilivyozidi kumjaa kooni, hata alipousukuma mlango akamwona mdogo wake amelala chali, midomo imefumbwa kabisa, na kilio kinatoka humo humo ndani yake, na lile shavu lililosuguliwa linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, kana kwamba upande wa pili wa ngozi kuna kinywa kidogo kinanyonya.

Supu ilimwagika. Fiachra hakuamka.

Majibu ya kipimo yalikuja kwenye simu ya Murt wakati wa chakula cha mchana. Aliyasoma, akageuka mwekundu hadi shingoni.

"Wapumbavu hawa. Eti mfupa hauna mstari wa baba. Eti ni wa mwanamke."

"Pole, Baba," alisema Muireann. "Umefukua mtu asiye na hicho kitu."

Bibi Nonie aliweka kikombe chini.

"Uliuokota upande gani, Murt?"

"Upande wa mashariki. Chini ya mti wa miiba."

"Huyo si chifu. Ni dada yako." Alisema polepole, macho mezani. "Wa kwanza wangu. Alitoka amekufa, hajabatizwa, padri akamkataa makaburini. Baba yako akamtia kwenye kisanduku cha siagi, akampeleka kwa wale. Ndivyo wanaume walivyofanya. Mimi sikuulizwa hata jina."

"Mama, acha hayo."

"Hakulia alipozaliwa. Ndiyo kwanza analia sasa."

Huko juu kilio kikaanza tena.

"Anataka nini?" Muireann alinong'ona.

"Kwao. Aliyemtoa amrudishe kwa mkono wake, amwite kwa jina, amkiri kuwa wa nyumba hii. Asipofanya hivyo, atakaa ndani ya kijana mpaka ammalize. Mwite Sabina."

"Nimeshawaambia watu wa Boston ni chifu," alisema Murt.

Muireann alimgeukia baba yake. "Mwanao anafyonzwa ndani kwa ndani, na wewe unafikiria Boston."

Murt akaenda. Jioni hiyohiyo aliinama chini ya mti wa miiba, akafukia, akasema kwa sauti ya mtu anayelipa faini, "Sabina Marrinan, dada yangu." Muireann alisimama nje ya tuta, akasikia kila neno. Asubuhi Fiachra alikula mayai na mkate, akaomba tena, shavu limetulia.

Lakini sweta ya Bibi ilikuwa imelowa.

"Bado," Bibi alisema. "Amemwacha kijana tu, kwao hajafika."

Agosti, ndani ya hema kubwa lililojaa akina Marrinan, Murt alipanda jukwaani na kuinua kijisanduku cha kioo. Ndani yake, juu ya kitambaa cha kijani, kulikuwa na kijifupa cha kahawia. Muireann akakitambua, akaelewa baba yake alivyofanya. Kilichofukiwa duarani kilikuwa mfupa wa kuku wa Jumapili.

"Kidole cha chifu wetu," alisema Murt, na watu wakapiga makofi. Kisha akaanza kuhesabu baba zake, kama desturi inavyotaka. "Mimi ni Murt, mwana wa Pádraig, mwana wa..."

Mdomo ukabaki wazi. Humo kikatoka kilio chembamba cha mtoto wa siku moja, hakikukoma hata kuvuta pumzi, na shavu la mzee likaanza kupanda na kushuka, na kadiri alivyojaribu kuufumba mdomo kwa mikono miwili ndivyo kilio kilivyozidi kupanda, hata watoto wa mbele wakaziba masikio.

Katika safu ya kwanza, Bibi Nonie alikuwa akifungua vifungo vya sweta yake.

"Mleteni," alisema, akinyoosha mikono. "Ana njaa."