Mbweha wa Mwisho Barazani

Asubuhi ya Halowini, siku ambayo watoto huvaa mavazi ya vinyago na kuomba peremende mlango kwa mlango, Corinne Kistler aliamka akakuta jiko lake linanuka tope. Halikuwa tope la bustani, hilo angelijua. Lilikuwa tope la chini ya maji, la baridi, lenye majani yaliyooza. Alikagua sinki, akainama kuchungulia chini ya kabati, akafungua hata mfuko wa takataka. Hakuna kitu. Akafungua dirisha; upepo wa Oktoba ukaingia na moshi wa kuni za majirani, lakini ile harufu haikutoka. Ilikaa palepale, karibu na kiti ambacho hakijakaliwa na mtu tangu mwezi wa Machi.

"Dwight," alimwita mumewe kwa sauti ya chini. "Hebu njoo unuse."

Dwight alikuja na kikombe mkononi, ndevu za siku tatu kidevuni. "Nasikia kahawa."

"Tope hulisikii?"

"Corinne." Alikitua kikombe taratibu. "Nilikwambia mwaka huu tuzime taa ya barazani, watoto wasibishe, tukae kama watu wenye msiba. Ukakataa. Sasa siku haijaanza, wewe ushaanza kunusa mambo."

"Junie ana miaka minne. Msiba anaujulia wapi? Anataka maboga."

"Basi mpe maboga," alisema Dwight, akatoka kwenda karakana.

Hivyo ndivyo walivyozungumza siku hizi, kama abiria wawili wasiojuana wanaongoja basi moja. Mtoto wao wa kwanza, Lottie, msichana wa miaka minane, alizama katika kijito kilicho nyuma ya nyumba za mtaa wao, barafu ilipokuwa inayeyuka. Tangu siku hiyo kila mmoja alibeba jambo lake moyoni, na hakuna aliyethubutu kulitua mbele ya mwenzake.

Corinne aliazimia kuifanya siku iwe kama zilivyokuwa za zamani. Aliwasha tanuri, akapika pai ya tufaha mpaka mdalasini ukapanda ghorofani. Alitandika magazeti mezani, akayapasua maboga mawili, akamwachia Junie achovye mikono humo na kuchota mbegu. Junie alikuwa ameshavaa vazi lake la nyuki, na mabawa ya waya yakigonga kila kitu alichopita.

"Mama, boga lina kamasi!" alipiga kelele.

"Ndiyo kamasi zake hizo. Lina mafua tangu Septemba."

Mtoto akacheka mpaka akakaa chini, na Corinne akajikuta naye anacheka, kicheko kilichotoka kwa kukwaruza kama mlango uliofungwa muda mrefu. Wakazikaanga mbegu kwa siagi na chumvi. Junie akazigawa mafungu mawili, kwa makini.

"Hizi zangu. Hizi za Lottie."

Kisu kilisimama katikati ya jicho la boga. "Lottie hayupo, mpenzi."

"Najua," alisema Junie, akitafuna. "Yuko nje. Anasema kuna baridi."

Mchana, jua lilipojitokeza kidogo, walitoka kuzunguka mtaa kutazama mapambo. Majani mekundu yalikuwa yamejaa njiani. Mzee Lamar Hoch, kama kila mwaka, alikuwa amekalisha kiunzi cha mifupa kwenye kiti barazani kwake, kofia kichwani.

"Huyu bwana anatafuta mke!" aliwapigia kelele. "Hali sana, na wala habishani!" Kisha akamtambua Corinne, uso ukamwiva, akashuka ngazi haraka na bakuli la peremende. "Chukua, nyuki wangu, chukua."

Junie alichukua moja. Halafu akachukua ya pili, akaishika upande wake wa kushoto, hewani. "Na hii ya mwenzangu."

Mzee Lamar alimtazama Corinne. Corinne alitazama majani. Walipokuwa wakirudi, ndipo alipouona mkono wa kushoto wa binti yake: ulikuwa umeinuliwa kidogo, vidole vimekunjika, kama mkono wa mtoto anayeongozwa na mtu aliyemzidi kimo kwa kichwa kimoja.

Nyumba ya mwisho kabla ya yao ilikuwa ya Bi Verna Dengler. Ajuza huyo alifanya kazi posta maisha yake yote, lakini hakujulikana kwa barua. Watu walimpelekea vidonda vya moto, chunjua, na watoto wachanga wanaolia bila sababu. Naye aliwanong'onezea maneno ya Kijerumani cha mababu zake, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho, na wakapona. Vijana walimcheka mbele za watu, kisha wakambishia mlango wa nyuma peke yao. Siku hiyo alikuwa barazani, anamenya tufaha.

"Corinne, mwanangu. Mmetoka wangapi?"

"Mimi na Junie tu, Bi Verna."

"Mm." Macho ya bibi yalikuwa njiani, nyuma yao. Lami ilikuwa kavu, isipokuwa alama ndogo za maji zilizowafuata mpaka hapo. "Nisikilize. Leo mtu akija mlangoni kwako, mpe peremende hukohuko nje. Usimwambie aingie. Hata akiwa na umri gani."

"Nani humkaribisha mtu ndani siku ya Halowini?"

"Mwenye kiti kitupu," alisema Bi Verna, wala hakutabasamu.

Saa kumi na mbili jioni manyunyu yalianza. Dwight alikwenda kona na tochi kuongoza magari, kama wafanyavyo akina baba wa mtaa kila mwaka. Corinne aliwasha mishumaa ndani ya maboga, na watoto wakaanza kumiminika: mchawi, rubani wa anga, mapacha waliovaa kama chupa za haradali na nyanya.

"Tupe tamu ama tufanye vituko!"

"Vituko mnavyo tayari, nawaona," aliwajibu, akiwajazia ndoo zao, na kwa nusu saa nzima moyo wake ukatulia.

Kundi moja liliposhuka ngazi, mtoto mmoja alibaki nyuma, chini ya taa, amevaa kama mbweha. Hakuwa na ndoo. Hakusema tamu wala vituko. Corinne aliinama na bakuli lake, na harufu ya tope ikampanda puani, na alipoinua macho aliona sikio la kushoto la mbweha limeshonwa kwa uzi wa kijani kwa sababu ule wa rangi ya machungwa ulimwishia usiku wa manane mwaka uliopita, naye akaujua mshono huo kama ajuavyo mistari ya kiganja chake, maana ni yeye aliyeushona, na vazi lile halikuwa kabatini wala halikupewa mtoto mwingine yeyote, bali lilikuwa chini ya ardhi, nyuma ya kanisa, juu ya mwili wa Lottie, kwa kuwa mtoto alilipenda na mama yake hakuwa na moyo wa kumzika na kitu kingine.

Maji yalimdondoka mbweha, tone kwa tone, juu ya mbao.

Bi Verna alikuwa amemwonya. Alikumbuka kila neno. Lakini niambie, ni mama gani angemwacha nje?

"Ingia, mwanangu," alisema Corinne. "Ingia ndani, utalowa."

Akafunga mlango. Kisha akazima taa ya barazani, asije mtu mwingine.

Kile kitu kilikwenda moja kwa moja mpaka jikoni, kikakaa kwenye kile kiti. Hakikuvua kofia ya mbweha. Corinne alikikatia kipande cha pai, akakiwekea maziwa, akapiga magoti mbele yake bila kujali maji yaliyomlowesha, akasema maneno yote ambayo hakupata kuyasema hospitalini: kwamba anampenda, kwamba nyumba imekuwa kubwa mno, kwamba kila asubuhi anasahau kwa sekunde moja halafu anakumbuka. Kitu kikamsikiliza. Pai hakikuigusa.

Junie alitokea mlangoni, mabawa yamepinda. Hakushangaa. Alikwenda akakaa kando ya mbweha, na mkono uliolowa ukamzunguka mabega.

"Muone, Junie," Corinne alinong'ona, machozi yakimtiririka. "Dada yako karudi."

"Yuko baridi, Mama," alisema Junie. "Anasema nikae naye mpaka apate joto."

Na Corinne alikaa pale akiwatazama wanawe wawili mezani, mishumaa ikitetemeka ingawa dirisha lilifungwa, saa ya ukutani ikigonga kisha ikigonga polepole zaidi, na harufu ya tope ikiumeza mdalasini, ikiimeza siagi, ikiimeza nyumba nzima, naye akayaona haya yote na akakataa kuyaona, mpaka alipogundua kwamba pumzi ya Junie ilikuwa inatoka kama moshi, kwamba midomo yake imegeuka rangi ya zambarau, na kwamba mtoto hakuwa amepepesa macho kwa muda mrefu sana.

"Junie?"

Junie hakuitika.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Aliingia Bi Verna na koti juu ya kanzu ya kulalia, na nyuma yake Dwight, tochi ingali mkononi, anahema.

"Nimeona taa imezimwa," alisema bibi. "Nikajua."

Dwight alikiona kile kilichokaa mezani. Tochi ilimwanguka. "Lottie," alisema, kisha akaiziba sauti yake kwa kiganja.

"Usiliite jina hilo!" Bi Verna alikuwa ameshamshika Junie kifundo cha mkono na kumfunga uzi mwekundu, huku anasema maneno yake, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Mkono uliolowa ulilegea kidogo, lakini haukuachia. "Corinne, mimi naweza kusema hivi mpaka kesho. Aliyekaribisha ndiye anayetoa. Mwambie."

"Siwezi."

"Mtoto anakufa, mwanangu. Mtoto wa pili."

Hapo kile kitu kilizungumza kwa mara ya kwanza, na sauti ilikuwa ya Lottie, na hata kile kithembe kidogo kwenye herufi ya *s* kilikuwamo.

"Mama, ulisema nikacheze nje. Nimecheza. Nimecheza siku nyingi. Sasa naruhusiwa kukaa ndani?"

Maneno hayo hakuna aliyeyajua. Polisi waliambiwa, na mchungaji, na Dwight pia, kwamba mtoto alitoka mwenyewe bila kuaga. Ukweli ni kwamba asubuhi ile kichwa kilikuwa kinamuuma Corinne, watoto wanakimbizana ngazini, naye akapaza sauti: Lottie, umenichosha, nenda kacheze nje.

Alihisi macho ya mumewe juu yake. Hakugeuka. Alimtazama Junie, ile midomo, yale macho makavu. Kisha akainuka kwa kushikilia meza, akaenda akaufungua mlango wa mbele wazi.

"Toka," alisema. "Toka nje, mwanangu."

"Nje kuna baridi, Mama."

"Najua."

"Utakuja kuniita?"

Corinne alishika kizingiti kwa mikono miwili. "Hapana," alisema. "Sitakuja kukuita."

Mbweha akashuka kitini. Akapita ukumbini polepole, kama mtoto anayetumaini kwamba ataambiwa arudi, akapita karibu na Corinne kiasi kwamba ubaridi ulimchoma pajani, akashuka ngazi kati ya maboga mawili. Mishumaa ikazimika. Alipofika penye majani, njia ilikuwa tupu.

Ndani, Junie alikohoa maji, kisha akalia, na kilio hicho kilikuwa kitamu kuliko wimbo.

Walimfunika mablanketi matatu mbele ya tanuri mpaka rangi ikamrudia na usingizi ukamchukua. Dwight alipiga magoti akikausha sakafu kwa taulo, akirudiarudia mahali pamoja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenichukia."

"Labda. Wiki moja, mbili." Aliikamua taulo kwenye ndoo. "Miezi saba najichukia mimi. Lango la nyuma ni mimi niliyeliacha wazi, Corinne. Nilikwenda kutupa majivu, sikulifunga."

Akakaa palepale kwenye maji. Corinne akaenda akakaa karibu naye, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi walilia pamoja, kila mmoja akimshika mwenzake shati, wakati Bi Verna akigeukia dirisha ili wasione haya.

Baadaye, Corinne alimsindikiza bibi mpaka mlango wa nyuma.

"Bi Verna, niambie kweli. Alikuwa yeye?"

Ajuza alifunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja. "Viko vitu huko nje havina sura, vinavaa za wafu wetu. Vinajua tunachokificha, ndiko vinakoingilia. Mtoto wako alimpenda mdogo wake, si ndiyo? Angekuwa yeye, angemnyonya joto lake namna ile?"

"Hapana," alisema Corinne.

"Basi lala."

Corinne alifunga mlango kwa komeo. Alirudi jikoni, akamwinua Junie na mablanketi yake, akampandisha ghorofani, akalala naye kitanda kimoja. Hakumwambia Bi Verna, wala hakuja kumwambia Dwight katika miaka yote waliyoishi pamoja baada ya hapo, kwamba kila majira ya baridi, Lottie akiwa hai, alikuwa akitoka kitandani kwake na miguu kama barafu, akaingia chini ya blanketi la Junie na kuzibandika nyayo zake kwenye tumbo la mdogo wake, na Junie, bila kuamka, alimwacha apate joto.