Damu ya Vanessa

Kila asubuhi kabla ya shule, Léonie na Vanessa walikwenda kuteka maji kwenye bomba la mtaa wao, huko Mbunya, mjini Bunia. Wote wawili walikuwa na miaka kumi na miwili. Vanessa na mama yake, Régine, walikuwa wamekimbia vita kutoka kwao, mahali paitwapo Fataki, nyumba yao ilipochomwa. Sasa bunduki zilikuwa zimenyamaza, ingawa hakuna aliyejua zingenyamaza hadi lini. Clarisse, mama yake Léonie, aliwapa chumba cha nyuma.

Jioni Léonie alikuwa na kazi moja: kumlaza mdogo wake Serge, mtoto wa miaka mitano, ndani ya chandarua. Lakini kuku walikuwa wakiparua mboga za lengalenga alizopanda nyuma ya choo, naye alitaka kuziuza anunue viatu. Siku moja akakifungua chandarua cha Serge, akafunika nacho tuta lake la mboga. Kila jioni Mama alirudi kutoka sokoni amechoka, wala hakugundua.

Wiki tatu baadaye Serge akashikwa na homa kali.

"Serge anagonjwa, lakini ule mugeni wenu hata kichwa hakimuumi," Débora, mwanafunzi mwenzao, alimwambia Léonie bombani siku ambayo Vanessa hakuwepo. "Na analala bila chandarua! Juu ya nini yeye hagonjwi?"

Léonie alijua vizuri kwa nini Serge aliugua. Akaogopa kwamba swali lile lingefika kwa mama yake. Tena wiki ile Vanessa alikuwa amemshinda katika imla, na jambo hilo lilikuwa bado linamchoma.

"Nilimuona anashika kichwa ya Serge," akasema. "Alikuwa anasema maneno polepole. Kesho yake joto ikaanza."

Hakuwa ameona chochote.

Kesho yake hakuna aliyekubali kukaa na Vanessa darasani. Mtu aliandika ubaoni kwa chaki neno la kumwita mchawi: NDOKI. Mwalimu Evariste aliuliza nani ameandika, kisha akalifuta mwenyewe. Vanessa aliangalia daftari lake mpaka kengele ilipolia. Léonie naye alitazama dirishani.

Jumamosi wanawake watatu wa mtaa waliingia uani, wakamwambia Régine amwondoe mtoto wake mtaani. Régine aliingia ndani, akaanza kukunja nguo.

"Tutarudi Fataki," akamwambia Vanessa.

"Mama, kule hatuna nyumba."

"Hatuna. Lakini hakuna mutu atakuita ndoki."

Kabla hajamaliza, Clarisse alipiga kelele. Serge alikuwa amekakamaa, macho yamegeuka. Clarisse alimkumbatia, akapanda naye pikipiki mpaka kituo cha afya. Régine aliziacha nguo zake sakafuni, akawafuata mbio pamoja na wasichana wawili.

Muuguzi Immaculée alimchoma Serge sindano ya malaria, akamwekea serumu, maji ya dawa yanayoingia kwenye mshipa. Siku ya tatu mtoto aliketi na kuomba uji. Wagonjwa wengine wakaanza kunong'ona kuhusu ndoki asiyeugua malaria walipomwona Vanessa mlangoni, na Immaculée akasikia. Akamwita Régine kando ya kitanda.

"Vanessa alikuwa na ndugu?"

"Kaka yake, Michée," Régine akajibu. "Mifupa ilikuwa inamuuma kila mara. Macho yalikuwa ya njano. Alikufa na miaka mine."

Immaculée alimtoa Vanessa damu, akaipeleka kupimwa. Jibu liliporudi, aliwaita wote.

"Kila mutoto anarithi kwa baba na kwa mama," alisema. "Michée alirithi ugonjwa wa damu, ule wa selimundu, kwa wote wawili. Tunauita SS. Vanessa alirithi kwa mumoja tu. Damu yake ni AS. Yeye si mugonjwa, na malaria haimuangushi kwa urahisi. Inaweza kumupata, kwa hiyo anahitaji chandarua kama siye wote. Lakini hapa hakuna uchawi. Ndivyo alizaliwa." Akamgeukia Clarisse. "Serge hana kinga hiyo. Alikuwa analala ndani ya chandarua?"

"Kila usiku," Clarisse akajibu. "Léonie ndiye anamulaza."

Wote wakamtazama Léonie. Alitamani sakafu ipasuke immeze.

"Hapana, Mama," akasema. "Nilikitoa. Nilifunika lengalenga. Na Vanessa hakushika kichwa ya Serge. Nilidanganya."

Vanessa alitoka nje. Clarisse hakumpiga Léonie, wala hakumkaripia.

"Ulisemea wapi uongo huo?" aliuliza.

"Bombani."

"Basi, utaufutia palepale."

Asubuhi iliyofuata, mbele ya Débora na wanawake wote wenye ndoo, Léonie alisema ukweli. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hatusikii," mmoja akasema, na Léonie akalazimika kurudia tangu mwanzo, machozi yakimdondoka. Mmoja wa wale wanawake watatu alikwenda siku hiyohiyo kumwomba Régine msamaha. Immaculée alitoa chandarua kingine kwa chumba cha nyuma. Régine akarudisha nguo zake mahali pake.

Lakini Vanessa hakuzungumza na Léonie kwa siku tisa. Léonie alizihesabu. Siku ya kumi alimkuta Régine jikoni, juu ya mkeka, akichambua maharage, akapiga magoti mbele yake.

"Mama Régine, nifanye nini ili anisamehe?"

"Mungojee," Régine akajibu. "Atakusamehe yeye mwenyewe, kwa saa yake. Weye jifunze hivi, mutoto yangu. Watu hatukupewa mwili mumoja. Mutu ambaye hagonjwi hakuiba afya ya mwenzake. Na kosa ukilibebesha mutu mwingine, halikutoki. Linakuwa makosa mawili, na moja linaweza kumufukuza mutu nyumbani."

Kisha akasogea kidogo, akampisha Léonie kwenye mkeka, wakachambua maharage pamoja.